Nani Aliyepima Mafuta?

Mwaka mmoja mabomba ya mtaa wa Umoja, Nairobi, yalikauka wiki nzima, na binamu yangu, aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni, alirudi nyumbani usiku mabega yakimuuma. Shosho, yaani bibi yetu, alikuwa amekuja kutoka Murang'a kwa matibabu ya macho. Jumamosi jioni niliwawekea Pumzi kwenye kompyuta, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Nilitaka sana waione.

Ni hadithi ya siku zijazo, baada ya vita vya maji. Watu wa Maitu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Mkojo na jasho vinasafishwa vinywewe tena, na hata ndoto zinazimwa kwa dawa. Asha anapata udongo wenye uhai, mbegu inachipua, naye anaomba ruhusa ya kutoka nje akaipande. Baraza linamkatalia: nje kumekufa. Anatoroka, anatembea jangwani, anaupa mche maji yake ya mwisho, kisha anautilia kivuli kwa mwili wake.

Binamu alikasirika kwelikweli. "Maji ya mwisho unampa mti? Mtu kwanza! Hao wazee wa baraza wana akili, angalau watu wao wanapumua."

Shosho hakumjibu. Aliniuliza habari za yule mama msafishaji wa choo, ambaye mimi sikuwa nimemtilia maanani. Asha alimgawia maji yake, na baadaye mama huyo ndiye aliyemsaidia kutoroka. "Hao wawili ndio waliokuwa hai humo ndani," Shosho akasema. "Wengine wamewekwa tu, kama viazi ghalani."

Nikaona niwape hadithi nyingine, ya Tom Godwin wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1954. Rubani anapeleka dawa kwenye sayari ya mbali, kuna watu sita wanaumwa homa. Mafuta yamepimwa yamtoshe yeye na mzigo wake tu. Ndani ya chombo anamkuta msichana aliyejificha, anayetaka kumwona kaka yake. Uzito ukizidi, chombo kitaanguka na wale sita watakufa. Rubani anahuzunika, lakini msichana anatolewa nje angani. Nilitarajia binamu aseme sita ni wengi kuliko mmoja.

Aliweka kikombe chini. "Nani aliyepima hayo mafuta?"

Nikamwambia hadithi inasema ndivyo vyombo hivyo vilivyopangwa.

"Vilipangwa na nani? Mimi na mkokoteni wangu natembea na tairi la akiba. Hao wanatuma mtu angani bila akiba, halafu wanasema hesabu ndiyo imemuua mtoto wa watu?"

Nimesoma uchambuzi mwingi wa hadithi hiyo, na sijaona uliofika pale haraka hivyo. Tunazoea kumuuliza rubani anathamini uhai wa nani, huku aliyejaza tangi hata haonekani kwenye ukurasa.

Shosho akamgeukia. "Na maji ya Maitu, yanapimwa na nani?"

Binamu akaomba nirudishe pale Asha anaponyimwa ruhusa. Aliwatazama wanabaraza kwa makini, mara mbili. Kuanzia hapo hakuwatetea tena, ingawa kuhusu yale maji ya mwisho bado anashikilia kwamba Asha angekunywa. Mimi niko upande wa Shosho.