Daktari wa Usingizi Haondoki

Wagonjwa wengi ninaowahudumia hapa Kisumu huamini kwamba kazi yangu ni kudunga sindano, kusubiri mtu asinzie, kisha kwenda zangu na kumwachia mpasuaji mengine yote. Ukweli ni kwamba tangu mgonjwa alazwe mezani hadi azinduke, sibanduki karibu na kichwa chake, kwa maana dawa ile ile inayomwondolea maumivu ndiyo inayoweza kudhoofisha pumzi yake na kuteremsha presha. Kidoleni huvalishwa kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu na kulia kwa kila pigo la moyo. Oksijeni ikipungua, mlio huwa mzito, na sikio hupata habari kabla jicho halijafika kwenye skrini. Ndiyo maana huwaomba wenzangu chumbani wapunguze mazungumzo.

Akina mama wanaojifungua kwa upasuaji huniuliza mara kwa mara kama sindano ya ganzi ya mgongoni huacha maumivu ya maisha. Utafiti haujaonyesha hivyo, na ujauzito wenyewe huulemea mgongo. Ninachokichunga zaidi ni presha kushuka ghafla, nayo hutibiwa papo hapo kwa dawa na dripu.

Na tafadhali, msifiche mlichokula: chai ya maziwa ni chakula, na lazima zipite saa 6 tangu inywewe hadi upasuaji uliopangwa, kwani kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa usingizini.

Linalonisikitisha kuliko yote ni ukimya wa wodini. Mama aliyetoka Nyakach, aliyepasuliwa jana yake, huniambia, "Tunashukuru Mungu, daktari," ilhali uso umekunjamana na mkono umeshikilia kidonda. Asiyeweza kuvuta pumzi ndefu kwa sababu ya maumivu hakohoi, makohozi hujaa kifuani na nimonia hupata nafasi. Asiyeshuka kitandani yumo hatarini damu kuganda miguuni. Kwa hiyo humwomba anitajie namba ya maumivu yake, 0 ikiwa hayapo na 10 yakiwa makali kupita yote, kisha akohoe mbele yangu. Akishindwa, ile 3 aliyonitajia siitegemei, nami hubadilisha dawa. Parasetamo hutolewa kwa saa zake bila kungoja aombe, na mofini, dawa kali zaidi ya maumivu, huongezwa inapohitajika. Jamaa zake huiogopa mofini wakidhani atakuwa mraibu, lakini kwa kipimo sahihi, kwa siku chache na chini ya uangalizi, hatari hiyo ni ndogo. Muuguzi wa usiku akipita, mwambieni panapouma.