Cresta: klabu ya sleji na kona inayoitawala

Mtu akisikia sleji za St. Moritz, mara nyingi anawaza bobu za watu wawili au wanne zinazopita kwenye bomba la barafu lenye kuta ndefu. Hizo zipo, na ziko jirani tu. Cresta ni kitu kingine kabisa. Ni njia ya barafu yenye urefu wa mita 1,212 inayoshuka mita 157 kutoka St. Moritz hadi kitongoji cha Cresta kule Celerina, Uswisi, na inaendeshwa na klabu ya wanachama, St. Moritz Tobogganing Club, iliyoanzishwa mwaka 1887. Unashuka peke yako, kifudifudi, kichwa kikitangulia na kidevu kikiwa karibu kugusa barafu. Sleji haina usukani wala breki. Wazoefu wanapokaribia mwisho huwa wanakimbia hadi kilomita 130 kwa saa.

Chanzo chake ni wageni wa hoteli waliokosa la kufanya. Johannes Badrutt wa Kulm Hotel alikuwa amewashawishi Waingereza waje St. Moritz wakati wa baridi, sio kiangazi tu kama walivyozoea, na wageni hao wakawa wanashuka na sleji kwenye vichochoro vya mji huku wapita njia wakirukia pembeni. Watu wa Davos, mji mwingine wa Uswisi, walikuwa wamewatangulia: klabu yao ya sleji ilianza 1883. Basi majira ya baridi ya 1884/85 Meja W. H. Bulpett na kamati ya wageni wenzake, wakisaidiwa na familia ya Badrutt, wakajenga njia yao wenyewe kwa kufuata mteremko wa bonde. Tarehe 16 Februari 1885 wakawaalika watu wa Davos kwenye mbio za kwanza za Grand National. Watu wa Davos wakashinda, tena kwenye njia iliyochimbwa na wenyeji wao! Grand National bado inashindaniwa hadi leo, na ndiyo mbio kubwa ya msimu kutoka kituo cha juu.

Wakati huo watu walishuka wakiwa wameketi. Mwaka 1887 mshindani mmoja, Cornish, alilala kifudifudi na kutanguliza kichwa, na haikupita miaka mingi mtindo wa kuketi ukatoweka. Sababu ni ya kimwili tu: ukilala, upepo unakupinga kidogo, uzito wako unakaa chini, na miguu inabaki huru nyuma kufanya kazi ya kuongoza.

Njia yenyewe hujengwa upya kila mwaka. Hakuna mabomba ya kugandisha. Mafundi husubiri theluji, huirundika, huilowesha, huishindilia na kuichonga kwa mikono, kisha huimwagia maji tabaka juu ya tabaka mpaka iwe barafu ngumu. Kwa kawaida sehemu ya chini, inayoanzia kituo cha Junction, hufunguliwa kabla ya Krismasi. Kituo cha Top hufunguliwa Januari, baridi ikishashika sawasawa. Msimu hauchukui hata miezi mitatu. Na watu hushuka asubuhi tu, kwa kuwa jua likishapanda barafu inalainika, vyuma vya sleji vinachimba mifereji, na njia inaharibika hata kwa wa kesho.

Sasa vifaa. Sleji ya Cresta ni fremu ya chuma yenye uzito wa mtoto mkubwa, iliyokaa juu ya vyuma viwili vya mviringo vya kutelezea. Siri yake iko nyuma: nusu ya mbele ya vyuma hivyo ni laini, lakini sehemu ya nyuma imechongwa vijimfereji vinavyouma barafu. Kwa hiyo mwendeshaji hucheza na uzito wake. Kwenye mnyoofu anajisogeza mbele ili vijimfereji viachie na sleji ikimbie. Akikaribia kona anajirudisha nyuma ili viume na mkia usiteleze. Kiti cha kuteleza kilichobuniwa na Arden Bott mwaka 1901 kilirahisisha kazi hiyo, ingawa sleji nyingi za sasa ni za ubao bapa, na mtu husogea kwa nguvu za mikono yake mwenyewe.

Kazi ya breki hufanywa na reki, yaani meno ya chuma yaliyofungwa kwenye ncha za viatu. Ukizikandamiza zote mbili unapunguza mwendo. Ukikandamiza ya kushoto peke yake, sleji inavutika kushoto. Magotini na kwenye viwiko kuna pedi, mgongo wa kila kiganja unafunikwa na kinga ngumu, na kichwani helmeti. Kinga ya viganja si pambo. Mikono ndiyo inayokaa karibu zaidi na ukuta wa barafu, na ukuta huo unakwangua.

Makosa ya wanaoanza yanafanana. Wanakandamiza reki wakiwa tayari ndani ya kona, wakati ilipaswa kufanywa kabla ya kuingia. Matokeo yake sleji inayumba pale pale inapotakiwa kutulia. Mwingine anasahau kujirudisha nyuma, mkia unamtoka. Mwingine reki moja inauma kuliko nyingine bila yeye kujua, akashangaa kwa nini anagonga ukuta uleule kila mara. Ndiyo maana mgeni huanzia Junction, na huambiwa akandamize reki tangu mwanzo, asione aibu kuchelewa kufika chini.

Kona ziko kumi, nyingi zikiwa na majina ya watu na vituko vya zamani: Curzon, Brabazon, Thoma, Bulpett, Scylla, Charybdis. Anayoiota kila mtu usiku ni Shuttlecock, inayofuata mara tu baada ya Battledore. Ukuta wake umejengwa mfupi kwa makusudi. Ukiingia kasi mno au ukiwa umekaa vibaya, haukuzuii: unapaa nje na kuangukia kwenye theluji na nyasi kavu zilizotandazwa. Kwa macho ya haraka inaonekana ni ukatili, na sivyo. Shuttlecock iko katikati ya njia, kabla mwendo haujawa mkali kupindukia. Aliyepoteza mamlaka juu ya sleji yake ni heri atolewe hapo kuliko aendelee hadi chini akiwa na kasi kubwa zaidi. Ni valvu ya usalama, ingawa aliyelala kwenye nyasi na theluji ndani ya kola huenda asikubaliane nami.

Ukipaa, jambo la kwanza ni kuachana na sleji. Theluji haivunji mtu kirahisi; chuma kizito kinachokufuata hewani kinaweza. La pili ni kusimama na kupunga mkono ili walio mnarani waone uko salama. Mnara ndio unaoongoza kila kitu: hutangaza jina la anayeshuka, hufuatilia njia nzima, na hupiga kengele njia ikiwa wazi kwa anayefuata.

Hapa ndipo mila za klabu zinapoanzia. Kila aliyetoka kwenye kona hiyo anaingia moja kwa moja katika Shuttlecock Club, ana haki ya kuvaa tai yake, na kuna chakula cha jioni cha kila mwaka. Hakuna fomu ya maombi. Kwa upande wa pili kuna Billy Fiske, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa bobu 1928 na 1932, anayesifiwa hadi leo kwamba hakuwahi kutupwa na Shuttlecock hata mara moja. Mgeni naye, kabla hajagusa sleji, hukalishwa na katibu kusikia hotuba ya hatari, akionyeshwa picha ya mifupa iliyounganishwa kutokana na eksirei za waliovunjika. Baadhi hucheka. Hotuba hiyo ina sababu: Kapteni Henry Pennell, mwenye Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, alikufa kwenye njia hii Januari 1907.

Mara mbili Cresta imekuwa uwanja wa Olimpiki, 1928 na 1948. Mara ya kwanza Jennison Heaton wa Marekani alishinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 1.8, akamwacha mdogo wake Jack kwa sekunde moja kamili. Miaka 20 baadaye Jack alirudi, akachukua fedha tena. Aliyemshinda safari hii alikuwa Nino Bibbia, Mtaliano aliyekuwa akiuza matunda na mboga pale pale St. Moritz. Dhahabu hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Italia katika Olimpiki ya majira ya baridi, na Bibbia akaendelea kuitawala Cresta kwa miaka mingi. Skeletoni, jina la mchezo huu wa sleji ya kifudifudi kwenye Olimpiki, ikaachwa nje ya Olimpiki mpaka 2002, iliporudi kwenye njia za bobu zenye kuta ndefu, bila reki na bila Shuttlecock.

Kuna mila moja ambayo sioni jinsi ya kuitetea. Wanawake walishuka na kushindana Cresta tangu siku za mwanzo, kisha mwaka 1929 wakapigwa marufuku, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa ati kulalia kifua kunawadhuru. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 90. Januari 2018 wanachama walipiga kura kuiondoa.