Mifuko 30 ya uyoga, 9 imeliwa na ukungu wa kijani

Kasese, Uganda, siku ya 1. Maganda ya mbegu za pamba yamelowekwa usiku kucha. Leo nimeyakamua mpaka konzi ikibanwa itoe matone mawili matatu tu, nikayapika kwa mvuke ndani ya pipa. Nilifundishwa nisipunguze muda wa saa nne. Baada ya saa mbili na nusu hivi kuni zikaisha, mvua ikashuka kutoka Rwenzori, nikajiambia imetosha. Yalipopoa nikajaza mifuko: tabaka la maganda, tabaka la mbegu ya uyoga mamama.

Mzee jirani alichungulia. "Kijana, unafuga kuvu? Mimi kuvu ndiyo iliyonimalizia kahawa."

Robusta yake iliondoka na mnyauko, ule uliogunduliwa Bundibugyo mwaka 1993. Kuvu yake, Fusarium, huziba mishipa ya maji ya mti. Majani yanakauka huku udongo umelowa. Sikuwa na la kumjibu.

Siku ya 12. Utando mweupe umetanda vizuri kwenye mifuko 21. Tisa ina madoa ya kijani, unga mlaini kama majani ya mlonge yaliyosagwa. Nilipofungua mmoja nikasikia harufu ya nazi! Ni Trichoderma, kuvu inayoila kuvu yangu. Mifuko hiyo tisa nimeihamishia nyuma ya choo.

Siku ya 14. Mama ana karanga zilizoota ukungu. "Si uzichemshe kama maganda yako?" Nikamwambia: Mama, moto unaua ukungu, lakini sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, nayo huharibu ini. Alinuna, ila karanga amezitupa. Kuku pia hawakupewa.

Siku ya 33. Kilo tano na nusu! Vishada vingine nilivichelewesha, kingo za kofia zikajikunja juu, rafu ikajaa vumbi jeupe la mbegu zake. Nimekohoa hadi usiku. Kuanzia sasa nachuma kofia zikiwa bado zimeinama, tena kwa barakoa.

Siku ya 34. Nilimpelekea Mzee bakuli la uyoga, nikamweleza kuwa ule ukungu wa kijani huishambulia hata Fusarium, na kuna wakulima wanaotumia Trichoderma iliyotayarishwa maabara kulinda mizizi. Akaacha kutafuna. "Basi nipe hiyo mibovu."

Nilimwonya kwamba wangu ni wa mwituni, haujapimwa na mtu. Hakujali. Amebeba mifuko minne kwenye gunia na kuifukia chini ya ndizi sukari, kwa sababu matoke yake yamesimama lakini hizo zinanyauka moja moja. Nimehesabu mashina: saba mazima, matatu ya njano. Nitachungulia kila mwezi.

Mitano iliyobaki nimeifukia mbali na banda. Kesho nanunua kuni kwanza, mizigo miwili, ndipo nilowekeshe maganda.