Posta ya Wajerumani, Lamu

Ukiwa Lamu, kabla hujakimbilia Ngome, ingia kwanza kwenye jumba la makumbusho la Posta ya Wajerumani, pale njia kuu ya mjini. Mimi na mjomba tuliingia juzi tukikimbia jua tu, tukakaa hadi adhuhuri.

Posta ilifunguliwa Novemba 1888. Nikajiuliza: Mjerumani alitafuta nini Lamu, mji uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar? Jibu liko bara, Witu. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipewa ardhi huko mwaka 1885 na Sultani Ahmed wa Witu, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumkinga na Zanzibar. Ujerumani ikaitangaza Witu kuwa chini ya ulinzi wake. Ila mji wa Witu hauko ufukweni, na barua zinataka meli. Basi nyumba ya Kiswahili ya Lamu, kuta nene za mawe ya matumbawe, ikawa ofisi ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani!

Haikutimiza hata miaka mitatu. Julai 1890 Berlin na London zilitia saini mkataba: Uingereza ikaachiwa Witu, Ujerumani ikapata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu nani aliwauliza? Machi 1891 posta ikafungwa.

Mjomba, mpenzi wa stempu tangu ujana, hakutaka kuondoka. Anasema bahasha zenye muhuri wa Lamu wa miaka ile wakusanyaji wanazigombania mpaka leo. Jamani, kagueni masanduku ya mababu.