Siku moja maishani mwangu: tarehe 19, hoteli ya samaki, na risiti za eTIMS

Saa 12:30 asubuhi

Mhasibu yeyote wa Kenya ukimtajia tarehe 19 anajua unasema nini. Kesho, tarehe 20, ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwezi uliopita. Mimi ni mhasibu wa hoteli ya chakula hapa Nyali, Mombasa. Hapalali mtalii kwetu. Ni pilau, biriani, samaki wa kupaka, mahamri na chai jioni.

Ndani ya matatu nimeanza kazi kabla ya kufika kazini. Nawatumia wauzaji wetu ujumbe ule ule wa WhatsApp: "Assalamu aleikum, naomba ile risiti yetu ya eTIMS ya mwezi jana," yaani ile ya mfumo wa serikali wa ankara za kielektroniki. Wawili wameijibu. Mmoja amenitumia kidole gumba, ambacho KRA, mamlaka ya kodi, haikipokei.

Saa 1:30

Kompyuta imewaka, chai iko pembeni. Ritani ya VAT siku hizi haiji tupu. Ankara tulizotoa sisi na zile tulizotolewa na wauzaji huwa zimeshaingia kutoka eTIMS, na kazi yangu ni kulinganisha zilizomo na karatasi zilizo ndani ya faili. Ikiwa muuzaji hakuandika PIN yetu, yaani namba yetu ya mlipakodi, ankara yake haionekani upande wetu. Tumelipa, bidhaa tumepokea, risiti ninayo mkononi ina msimbo wa QR na kila kitu, lakini kwa hesabu za kodi ni ya mteja asiyejulikana. Mzigo wa shilingi 116,000 una VAT ya 16,000 ndani yake, na hizo 16,000 sizidai bila PIN.

Kwa hiyo nimechapisha vikaratasi vya PIN ya kampuni, herufi P mwanzo, tarakimu tisa, herufi nyingine mwisho. Dereva anavyo, mpishi mkuu anavyo, hata kijana wa tuktuk anayetupelekea mizigo anavyo. Ukitumwa dukani, kikaratasi kwanza, pesa baadaye.

Saa 2:15

Mzee wa samaki amefika mlango wa nyuma na kapu lake. Leo ana changu na tafi, kilo kumi na nane, wabichi bado wang'aa. Jumla shilingi 9,000.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo tena wataka kuniandika?"

"Naandika samaki, mzee wangu."

Mzee huyu alikaribia kufukuzwa hapa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2024, matumizi yasiyo na ankara ya kielektroniki hayapunguzwi kwenye mapato yanayotozwa kodi. Mishahara, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, riba na tiketi za ndege zimeachwa kando, lakini samaki hakuachwa. Kampuni hulipa kodi ya mapato asilimia 30. Tukinunua samaki wa shilingi 100,000 bila ankara, ni kama hatukununua kitu, na kodi inapanda kwa 30,000. Bosi alipopigiwa hesabu hiyo alitaka tuhamie kwa kampuni moja yenye majokofu, inayotoa risiti bila kuombwa. Samaki wake wamekaa kwenye barafu mpaka wamesahau bahari. Tulivumilia mwaka mzima, nusu kwa mzee, nusu kwa majokofu.

Desemba 2024 sheria ilirekebishwa. Muuzaji mdogo au mkulima wa kujikimu ambaye mauzo yake hayafiki milioni tano kwa mwaka, sasa mnunuzi ndiye anayetoa ankara kwa niaba yake. Naingiza PIN ya mzee, aina ya samaki, kilo na bei, kisha yeye anaikubali kwa simu yake. Hana haja ya simu kubwa. Ana kabambe yenye tochi, anabonyeza *222# na kufuata maelekezo.

Alininyooshea simu nimbonyezee. Sikuishika. Akiibonyeza mwenyewe ndiyo ridhaa yake, na siku akiulizwa na mtu ataweza kueleza.

"Hawatanikata humu?" akauliza, akiionyesha simu.

Nikamwambia hawakati, na tena samaki mbichi hana VAT. Hilo ni kweli. Lakini hofu yake haikutoka hewani, na nisingependa kumdanganya mtu mzima. Ankara zile zina PIN yake na kila shilingi anayopokea kwetu. Shilingi 9,000 mara tatu kwa wiki, mwaka hauishi kabla hajapita milioni moja, na hapo ndipo kodi ya mauzo ya asilimia tatu inapoanzia. Nikamweleza hivyo hivyo, taratibu. Akanyamaza, akafunga kapu.

"Basi niwe naja mara mbili," akasema. Tukacheka, ila sidhani alikuwa anatania kabisa.

Saa 4:00

Naingiza manunuzi ya jikoni. Kila bidhaa kwenye eTIMS ina herufi ya kodi: A ni iliyosamehewa, B ni asilimia 16, C ni ya kiwango sifuri. Mchicha wa soko la Kongowea ni A. Mafuta ya kupikia na soda ni B. Mkate ni C. Anayeingia ofisini mwangu na kuona herufi zimebandikwa ukutani hudhani nafundisha chekechea.

Kuna mambo ya kuchekesha humo. Changu wa mzee akiingia mlango wa nyuma ni A. Akishakaangwa, akawekwa ndimu na achari na kufika mezani, ni B, maana chakula cha hoteli hutozwa asilimia 16. Dada wa kaunta alipoanza kazi alikuwa anamuandika samaki wa mezani A, kwa sababu "si samaki ni samaki?" Swali lake lilikuwa na mantiki kuliko jibu langu.

Saa 7:20 mchana

Wakati wa chakula, sipaswi kuwa kaunta, lakini nipo. Kundi la watu wanane wa ofisi fulani wamekula, wamelipa kwa M-Pesa, wamechukua risiti na kuondoka. Dakika kumi baadaye mmoja anarudi anahema.

"Dada, nilisahau. Niwekee PIN ya ofisi."

Ankara ikishatoka haifutwi wala kuandikwa juu yake. Lazima itolewe krediti noti, hati ya kuitengua, inayotaja namba ya ile ya kwanza na sababu, kisha itolewe ankara mpya yenye PIN. Foleni ni ndefu, mtoto analia, mtu anauliza kama biriani imebaki. Dada wa kaunta ananiangalia. Tukaitoa. Kaka wa watu hana kosa, bila PIN ofisi yake haimrudishii pesa. Mimi niliyeamka nikiwasumbua wenzangu kwa jambo hilo hilo ningemkataliaje?

Mtandao ulikatika kwa muda mfupi katikati ya haya. Programu yetu huendelea kutoa risiti na kuzituma ukirudi, kwa hiyo wateja hawakujua.

Saa 9:00 alasiri

Napiga simu kwa anayetuuzia vifungashio: mikebe ya kubebea chakula, karatasi za foili, mifuko. Kijana wake alikosea tarakimu moja ya PIN kwenye ankara mbili. Maana yake VAT yetu iko kwa mtu mwingine kabisa, au haiko kwa yeyote.

"Nitarekebisha, dada yangu, wiki hii."

"Wiki iliyopita pia ilikuwa wiki hii."

Hapa ndipo sheria hii inaponikera. Adhabu ya kutotoa ankara ya kielektroniki ni mara mbili ya kodi inayohusika, na inamwangukia muuzaji. Lakini anayelala na wasiwasi ni mnunuzi, kwa sababu hasara yake ni ya hakika na ya mwezi huu. Serikali haikuhitaji kuweka askari kila duka, ilitugeuza sote tukachungane. Nakubali kwamba inafanya kazi. Muuzaji wa vifungashio haiogopi KRA hata robo ya anavyoogopa mimi kuhamia kwa jirani yake, na leo nimemkumbusha kuwa jirani yake ana mikebe mizuri.

Saa 10:15

Bosi amepita. Haulizi VAT, anauliza ritani ya kodi ya mapato ya Juni. Tangu Januari 2026 KRA inalinganisha mapato na matumizi tunayotangaza kwenye ritani ya kodi ya mapato na kumbukumbu za eTIMS, kwa hiyo mazoea ya kukusanya karatasi mwisho wa mwaka na kuombea mema yamekwisha. Nikamuonyesha daftari: samaki kamili, mboga kamili, mkaa bado. Mama wa mkaa ana PIN lakini namba ya simu aliyosajilia ilipotea, na mpaka airudishe hawezi kuikubali ankara yoyote.

"Sasa tupikie nini?" akauliza bosi.

Tutapikia mkaa wake huo huo. Kesho kutwa nampeleka mwenyewe Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kwa tuktuk, nauli juu ya hoteli. Bosi alikunja uso kwa nauli, nikamkumbusha ile asilimia 30.

Saa 11:40 jioni

Nimepitia mauzo mara ya pili, nimeangalia krediti noti ya mchana imekaa mahali pake, nimewasilisha. Namba ya malipo imetoka, bosi atalipa kesho asubuhi benki ikifunguliwa. Kiasi ni kikubwa kuliko alivyotarajia, kwa sababu ankara mbili za vifungashio nimeziacha nje. Akizirekebisha, mpya zitabeba tarehe ya siku atakayozitoa na kuingia ritani ya mwezi ujao. Sheria inanipa miezi sita ya kudai hiyo kodi. Yeye nimempa mpaka Ijumaa.