Herufi Mia, Vijumba Mia: Nilivyojibu Maswali ya Ajabu ya Vyuo vya Marekani

Nilipoomba kusoma vyuo vya Marekani, insha ile ndefu ya maneno 650 haikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni maswali ya mstari mmoja. Chuo Kikuu cha Southern California, kile cha Los Angeles, kilitaka nijieleze kwa maneno matatu, kikauliza kitafunwa ninachokipenda, halafu eti ningependa kuishi chumba kimoja na nani, mtu maarufu au hata wa kwenye hadithi. Jibu lisizidi herufi 100. Chuo Kikuu cha Yale nacho kikauliza ningefundisha somo gani chuoni. Hapo unapewa herufi 200. Ukisoma mara ya kwanza unadhani unataniwa.

Mambo ya TOEFL (ule mtihani wa Kiingereza), vyeti na barua za walimu nayaruka, hayo kila mtu anayajua.

Kosa langu lilikuwa kumsikiliza kaka mmoja aliyejiita mshauri wa vyuo vya nje. Alikula kama elfu themanini yangu, sikumbuki vizuri, labda na nauli humo humo. Akasema kila jibu lionyeshe uongozi. Kila jibu! Basi nikajieleza: kiongozi, mchapakazi, mwenye maono. Wa kuishi naye: Mwalimu Nyerere. Hebu fikiria, unaingia saa sita usiku na chipsi mayai mkononi, na Baba wa Taifa amekaa kitanda cha juu anasubiri umweleze ulikuwa wapi. Kwenye kitafunwa ndipo nilipojidhalilisha kabisa. Niliandika karoti, kwa kuwa huimarisha macho na kiongozi lazima aone mbali.

Mdogo wangu wa darasa la sita akasoma begani kwangu. "Dada, wewe na karoti?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kweli, hata kwenye kachumbari ya shughuli karoti mimi naichambua naiweka pembeni ya sahani.

Nikafuta yote. Badala ya kujiuliza wazungu wanataka kusikia nini, nikaanza kuwauliza watu wa nyumbani mimi nikoje. Mama hakufikiri hata kidogo: "Mbishi." Bibi akasema nasahau sufuria jikoni. Mdogo wangu akasema nakoroma. Neno la mama nililiweka la kwanza, na sijutii. Lilikuwa la kweli kuliko "mwenye maono".

Sasa ujanja ninaojivunia. Intaneti kafe kwetu Mbagala, Dar, ilikuwa kama buku, yaani shilingi elfu moja, kwa saa, na kila nikiandika moja kwa moja kwenye fomu jibu linazidi, nafuta, linazidi, pesa inakwenda. Nikachukua daftari la hesabu la mdogo wangu, lile lenye vijumba, nikachora uzio wa kumi kwa kumi. Vijumba mia. Kila herufi chumba chake, kila nafasi chumba chake, nukta nayo ina chumba. (Watu wengi husahau nafasi, kisha wanalaumu fomu.) Nilijaza kwa penseli jioni nzima kama mtu anayepanga wageni kwenye nyumba ndogo. "Sana" ikafukuzwa ya kwanza. "Kwa sababu" ikafuata.

Majibu niliyaandika kwa Kiingereza, hapa nayarudisha nyumbani. Kitafunwa: ubuyu wa Zanzibar, ule unaopaka vidole rangi mpaka nyumba nzima inajua nani kala. Nilitaka kueleza ubuyu ni nini, nikaona maelezo yanakula vijumba thelathini na kitu. Nikaacha. Akitaka kujua atatafuta. Wa kuishi naye chumba: Abunuwasi. Akiazima sufuria yangu atarudisha mbili, lakini siku akisema imekufa, tutabishana. Umeona? "Mbishi" imerudi bila kuitwa. Majibu haya husomwa pamoja, yasigongane na yasirudie jambo moja mara tano.

Somo la Yale lilinipa raha kuliko yote: Uchumi wa Kugeuza. Msomaji wa Dar ameshaelewa. Unapanda daladala linalokwenda Kariakoo ingawa wewe unakwenda upande wa pili, unafika nalo mpaka mwisho, unageuka nalo, unarudi umekaa. Nauli mbili, kiti kimoja. Je, goti lako lina thamani gani saa kumi na moja jioni? Herufi 200 zilitosha, hata vijumba vinne vikabaki vitupu, nami nikaviacha vitupu kwa maringo.

Yule mshauri nilipomwonyesha akasema nimeharibu, hakuna chuo kitakachomchukua mtu wa kugeuza. Niliomba vyuo sita. Vinne vikanikataa, kimoja kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, kimoja kikasema ndiyo, na pesa ya masomo juu. Kaka hajarudisha elfu themanini yangu.

Daftari nililirudisha bila kufuta. Mwalimu wa hesabu akamwita mdogo wangu mbele, akamuuliza Abunuwasi anafanya nini kwenye kugawanya.