Bandeji ndiyo iliyoniponya donda la mguu

Mimi ni kinyozi hapa Dodoma, upande wa Chang'ombe, kazi ya kusimama tangu asubuhi hadi usiku. Donda lilinitoka juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Halikuuma sana, ila lilitoa maji mpaka soksi inalowa. Ngozi ya pembeni iligeuka nyeusi, ikakakamaa. Jioni mguu umevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Huyu unga wa kapsuli, yule asali, na mzee mmoja jirani akaapa kwamba nimekanyaga dawa niliyotegewa. Donda likifunga kidogo, nikirudi kusimama linafunguka.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa chumba cha vidonda. Alinipima sukari, akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, kisha nikapimwa mishipa kwa dopla, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyotembea. "Baba, hapa ugonjwa ni veini, donda ni matokeo tu." Veini, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali, kama vilango vidogo, zinazozuia damu inayopanda isirudi chini. Zikilegea, damu inatuama mguuni, presha inapanda humo ndani, maji yanavujia kwenye nyama na ngozi inachakaa. Ukijikuna tu, imechanika. Sasa hapo hata upake nini?

Kile kipimo cha mapigo msikiruke. Mwenye ateri zilizoziba, yaani mishipa inayoleta damu mguuni kutoka moyoni, akibanwa bandeji anaweza kupoteza mguu, kwa hiyo msikimbilie famasi kununua na kujifunga wenyewe.

Dada yule aliliosha donda kwa maji safi ya uvuguvugu, hakuna spiriti. Ngozi kavu ya pembeni akaipaka vaselini, akaweka gozi isiyonata, akazungushia pamba, ndipo ikaja bandeji ya kuvutika. Alianzia penye mizizi ya vidole, akazunguka kisigino na kifundo kwa mtindo wa nane, akapanda mpaka chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Kifundoni inabana zaidi, huku juu inapungua. Vidole aliviacha wazi nivitazame: vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, nifungue palepale. Antibiotiki hakunipa, maana hapakuwa na usaha wala dalili nyingine ya maambukizi.

Kazi ilikuwa Oktoba. Joto lile na vumbi la Dodoma, ndani ya bandeji panawasha kama upupu, na kiatu hakiingii. Nikashinda saluni na kandambili, nikanunua stuli ndefu nikawa nanyoa nimekaa. Wateja walicheka weee, lakini nywele zilinyolewa. Asipokuwepo mteja, napandisha na kushusha visigino, kwa sababu kigimbi ndicho kinachosukuma damu kwenda juu. Usiku mguu unalala juu ya mito, kupita usawa wa moyo.

Liliziba kuanzia pembeni, polepole, kwa miezi. Sasa navaa soksi za kubana, nazivaa asubuhi kabla mguu haujavimba. Bei yake inauma, na zikilegea hazina kazi tena, lazima ununue nyingine. Nikiziacha, donda linaweza kurudi palepale. Daktari anataka veini mbovu izibwe kabisa, na hivi sasa nafuatilia kama bima yangu italipia.